Pete "ilimwacha" au "alimwacha"?

SWALI: Kama zoezi la chuoni, natafsiri sura ya pili ya The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien, pale mchawi Gandalf anapomwambia Frodo, aliyerithi Pete ya nguvu, kwamba Gollum, aliyekuwa nayo zamani, hakuiacha Pete, Pete ndiyo iliyomwacha Gollum. Mwenzangu anasema kitu chenye utashi hakikai ngeli ya I-ZI, niandike "Pete alimwacha". Nasita. Nifanyeje?

JIBU: Andika "ilimwacha".

Hata hivyo mwenzako hajatunga. Gandalf anatamka wazi kuwa Pete ndiyo iliyoamua. Ilimponyoka mfalme Isildur, aliyekuwa nayo kabla ya Gollum, alipokuwa akiogelea katika mto Anduin, maadui wakamwona, wakamuua kwa mishale. Kule katika kijiji cha Bree nako Frodo anajikuta ameivaa mbele ya kadamnasi, akajiuliza kama Pete yenyewe haikumchezea. Akajiuliza tu, Tolkien hamthibitishii.

Kwa maoni yangu ina mvuto, akili haina. Sauron, bwana mwovu aliyeifua Pete, alitia humo sehemu kubwa ya nguvu zake, nazo zinamrudia kama maji yafuatavyo mkondo. Kitu chenye akili kingemponyoka Isildur katikati ya mto, kikalale humo zaidi ya miaka 2,400? Tena ikamtoka Gollum baada ya karibu miaka 500, ikaokotwa na nani? Bilbo, jamaa yake Frodo, asiyemtumikia Sauron! Mpango gani huo?

Sasa lugha. Kila siku twasema "kikombe kimeniponyoka", wala hakuna anayekiuliza kikombe sababu. Kitenzi kimeshampunguzia mtu lawama na kukitwika kikombe kidogo. Utata huo huo ndio unaoibeba sura hii, nasi tunao bure. Kwa Isildur tumia "ponyoka". Kwa Gollum "acha" itafaa, maana hapo Gandalf anakusudia kumshtua Frodo, na kitenzi cha mtu kikivaa kiambishi cha kitu, msomaji naye atashtuka. Ukiandika "alimwacha" umeitia Pete kundi moja na watu, sungura na majini. Ubishi wako na mwenzako umekwisha kabla msomaji hajaufikia. Tena msomaji wa pwani atadhani ni pete ya jini. Katika hekaya hizo utashi ni wa jini, pete ni nyumba yake tu. Pete ya Sauron haina mpangaji, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Herufi kubwa ya P ibakize. Hadhi hiyo inaitosha.