Kabla ya Kununua Peugeot 504 ya Zamani: Ushauri kwa Anayeanza

Wengi wanaoanza kutafuta gari la zamani aina ya saluni, lile lenye milango minne na buti, hapa Kenya huniuliza kwanza kuhusu injini, nami huwajibu kwa kuwauliza sakafu ya gari ikoje na logibuku, yaani hati ya umiliki, ina jina la nani. Nimenunua Peugeot 504 nne katika muda wa miaka kumi na saba. Tatu kati ya hizo zimerudi barabarani, na ile moja iliyonishinda ndiyo iliyokuwa na injini nzuri kuliko zote.

Gari hilo nililipata Nakuru, jeupe, limepigwa rangi mpya, na injini yake ilinguruma kwa utulivu hivi kwamba nililipa siku hiyo hiyo. Juma lililofuata nililipeleka kwa fundi wa bodi ambaye amezifanyia kazi 504 tangu ujana wake. Alilizunguka mara moja, akapiga goti, akagonga kizingiti cha mlango kwa kifundo cha kidole, kisha akaniambia, "Kijana, umenunua rangi." Chini ya rangi kulikuwa na puti, ule mchanganyiko wa kuziba mashimo ya bodi, chini ya puti kulikuwa na vipande vya bati, na vipande hivyo vilikuwa vimechomelewa juu ya kutu ambayo iliendelea kula chuma kimyakimya. Ni lazima anayeanza aelewe kwamba saluni hii haina fremu ya pekee iliyolala chini yake kama ilivyo kwa lori: bodi yenyewe ndiyo mifupa, na sakafu au kizingiti kikioza, milango huacha kukaa sawa, gari hulegea katikati, na hakuna injini inayoweza kulipa hasara hiyo.

Kwa hiyo, nenda kulikagua gari mchana, likiwa kavu, ukiwa na sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa laini. Ipitishe polepole juu ya matao ya magurudumu, vizingiti na sehemu ya chini ya milango. Pale sumaku isiposhika, pana puti nene. Inua zulia la mbele ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Fungua buti, toa gurudumu la akiba, utazame chuma kilicho chini yake. Tazama pia pembe za chini za kioo cha mbele, kwa sababu mpira wa kioo ukizeeka maji hupenya na kutua sakafuni, na mwenye gari huweza kukaa miaka mingi bila kujua. Gari lililoishi Mombasa lina hatari kubwa zaidi kwa ajili ya chumvi ya bahari. Mimi hupendelea magari yaliyokaa bara penye ukavu, hata kama rangi yake imepauka na viti vimechanika, kwa kuwa jua huharibu vitu vinavyobadilishika.

Sisemi kwamba injini haina maana, ila injini ya 504 imeumbwa kwa namna inayomsaidia mnunuzi maskini. Silinda zake ni slivu, yaani mirija ya chuma, zinazochomolewa, zikizungukwa na maji moja kwa moja, kwa hiyo injini iliyochoka hutiwa slivu na pistoni mpya bila bloku kukatwa upya. Udhaifu wake uko kwenye joto. Hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ni ya aluminiamu, na wenye magari wengi walitia maji matupu ya mfereji kwenye rejeta kwa miaka na miaka, jambo linalokula aluminiamu na kuziba njia za maji. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi: maji ya rangi ya udongo mwekundu ni onyo, na utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, dalili kwamba maji yamechanganyika na oili, ni onyo kubwa zaidi. Uliza pia habari za feni. Feni ya asili huendeshwa kwa sumaku ya umeme, ikijishika pale tu maji yanapopata joto, lakini nyingi nilizoziona zilikwisha kufungwa moja kwa moja kwa bolti au kung'olewa kabisa. Hilo hurekebishika, ila linakuonyesha jinsi gari lilivyotunzwa.

Peugeot ilitoa gari hili mwaka 1968, ikaacha kuunda saluni yake Ufaransa mwaka 1983, lakini Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi mwaka 2004. Kabla yake, gari lao jingine, 404, lilikuwa limeshinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania. Kisha 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975, na toleo lake la milango miwili (coupé) lenye injini ya V6, yaani ya silinda sita, likashinda mwaka 1978. Sifa hiyo iliwafanya wakulima, walimu na wenye teksi za masafa marefu waiamini, na ndiyo sababu hadi leo zimo nyuma ya nyumba na maghala ya watu. Kwa vile sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, saluni unayoitafuta imo humu humu nchini, na mara nyingi haijatangazwa popote. Mimi huanza kwa kuwauliza mafundi wazee, maana wao hukumbuka gari la nani liliegeshwa likiwa zima na kwa sababu gani.

Hapo ndipo suala la hati linapoingia. Gari lililoegeshwa muda mrefu mara nyingi lina jina la mtu aliyekwisha kufariki, na uhamisho wa umiliki unahitaji mwenye jina athibitishe mwenyewe katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari. Ikiwa ni marehemu, familia ni lazima kwanza ipate hati ya mahakama ya kusimamia mali yake. Usilipe kwa ahadi kwamba "watoto watashughulikia." Niliwahi kukaa na mama mmoja mjane, mwenye nia njema kabisa, tukasubiri zaidi ya mwaka kwa kuwa ndugu wawili hawakupatana, na ninashukuru kwamba nilikuwa nimempa arubuni tu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma na ile ya logibuku, tarakimu moja moja, kisha uombe taarifa za gari kutoka NTSA kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Nunua gari lililokamilika. Vipuri vya injini na vya sehemu ya mbele vinapatikana kwa sababu pikapu za 504 zilidumu sokoni na nyingine zingali zinabeba mizigo, na Kirinyaga Road, Nairobi, wako wauzaji wanaozijua vizuri. Lakini pikapu haina milango ya nyuma ya saluni, wala kifuniko cha buti, wala taa zake za nyuma, wala kioo chake cha nyuma. Vitu hivyo hupatikana kwenye saluni nyingine iliyochinjwa, na bei yake huamuliwa na mwenye nayo.

Ukishalinunua, livute kwa lori hadi nyumbani, usijaribu kuliwasha pale pale kwa furaha. Mwaga petroli ya zamani yote, toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda uiache usiku kucha, kisha izungushe injini kwa mkono kwa kutumia spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, badilisha oili na maji, kagua mipira ya breki yote, na ndipo ufunge betri.