Mke wangu anataka kwenda kuuguza wagonjwa wa akili Mirembe, nimzuie?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, naishi Nkuhungu, Dodoma. Mke wangu ni muuguzi, miaka sita yuko wodi ya wazazi. Sasa mwajiri amempa ruhusa akasomee uuguzi wa afya ya akili, mshahara unaendelea, na anasema akimaliza ataomba kupangiwa hospitali ya Mirembe. Mimi sitaki. Wagonjwa wale wanapiga watu, zamu za usiku zitamtenga na watoto, na mtaani wanasema anayeshinda na vichaa huishia hukohuko. Mama yangu naye hajapenda. Mawazo haya yalimwanza mke wangu pale mdogo wangu alipokaa kwetu kidogo, hakuwa vizuri. Siku moja shingo ilimpinda, mama akataka tuite mchungaji, mke wangu akasema ni dawa alizoandikiwa, akamkimbiza hospitali na kweli akachomwa sindano ikarudi. Sasa mdogo wangu yuko Bahi na mama. Nafikiria kumwandikia mwajiri wake asitishe ruhusa. Nishauri.*
*Mume Mwenye Hofu*

Marahaba, baba. Pole kwa mawazo. Anayempenda mkewe lazima amwogopee, hilo nakupa. Pole yangu inaishia hapo.

Tuanze na zamu za usiku. Miaka sita mkeo anazalisha wake za watu saa nane za usiku, hukuniandikia. Watoto walikuwa wanalala na nani? Hoja hiyo umeiokota njiani ili barua ipate uzito. Na ugonjwa wa akili hauambukizwi kwa kukaa pamoja, kwa hiyo maneno ya mtaani waachie wenyewe.

Kupigwa sikupuuzi, kupo. Ila wagonjwa wengi hawampigi mtu, na muuguzi wa wodi hizo hafundishwi kugawa vidonge tu. Anafundishwa kusema kwa sauti ya chini, kukaa upande wa mlango, kumsoma mgonjwa kabla hajapandisha na kuita wenzake mapema. Asiyesoma ndiye aliye hatarini zaidi. Wewe unataka mkeo asisome.

Sasa twende pale ulipopita mbiombio. "Hakuwa vizuri." Hakuwa vizuri vipi, baba? Wa malaria huandikwa ana malaria. Mdogo wako ni mgonjwa wa akili na kalamu yako imekataa kuliandika, hata kwangu nisiyekujua jina! Shingo kupinda ni jambo linalojulikana: dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidoli huweza kukakamaza misuli ya shingo, taya, hata macho yakapanda juu, na iko dawa ya kuilegeza. Mkeo alilitambua ninyi mkiwa mnatafuta mchungaji. Asingekuwepo, mngesema pepo amejionyesha, dawa zingetupwa, na ugonjwa ungerudi na nguvu mpya. Badala ya kumshukuru unatafuta karatasi ya kumshtaki kazini.

Tena wala sidhani kwamba wazo lilianzia kwa shemeji yake. Aliyekaa wodi ya wazazi miaka sita amewaona kina mama ambao siku chache baada ya kujifungua hawalali, wanasema peke yao, wanamkataa mtoto wao wa kumzaa. Ndugu husema karogwa na wifi. Muuguzi anayejua huita daktari usiku uleule, kwa sababu hapo mama na mtoto wote wako hatarini.

Hofu yako ni aibu, baba. Unaogopa watu wakimwona na sare yake kwenye geti la Mirembe wataanza kuuliza, na wakiuliza watafika Bahi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dodoma tuna hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyopo tangu enzi za Mwingereza, na Isanga wanakopelekwa wale ambao mahakama imeona akili ziliwaponyoka, lakini sisi jina la Mirembe tumelifanya tusi la kwenye daladala. Sheria ya Afya ya Akili ipo tangu 2008. Sheria haimwogeshi mgonjwa wala haikai naye usiku. Muuguzi ndiye hufanya hivyo.

Na ninyi wanaume wa siku hizi nina neno nanyi. Mnapoposa mnauliza kwanza kama binti ana ajira. Mkopo wake unapandisha ukuta, mshahara wake unalipa ada, hakuna anayemkumbuka mama hapo. Siku anataka kupanda ngazi ndipo mama anakuwa hajapenda. Wanawake nao wana yao, nitawafikia siku nyingine, lakini huyu wa kwako amekwambia anakwenda wapi, kusomea nini na atafanya kazi wapi. Wangapi wanaambiwa hivyo?

Barua ya kwa mwajiri ichane. Ukiituma, hata ruhusa isipofutwa, mkeo atajua imetoka kwa nani, na ndoa hiyo usiniletee tena. Jumamosi mchukue mwende Bahi, nauli utoe wewe. Muulize mama dawa za mdogo wako ziko wapi, amemeza mara ya mwisho lini, na kliniki anarudi lini. Akianza kung'atang'ata maneno, nyamaza, mwachie mkeo aulize.