Re: Klorofili ndogo mkondo wa Pemba msimu wa kusi
Asalaam aleykum ndugu yangu. Umesema modeli yako ya bahari ya kompyuta inakupa klorofili (rangi ya kijani ya planktoni, vijimea vidogo vinavyoelea majini) kidogo mno katika mkondo wa Pemba, yaani mlango wa bahari kati ya kisiwa na bara, wakati wa kusi, na vigezo vya planktoni umeshavibadili mara tatu. Viache kwanza, angalia upepo. Mimi nilihangaika vivyo hivyo, kumbe kusi ya modeli ilikuwa dhaifu (mvuvi wa Wete angecheka): maji ya juu hayakuchanganyika vya kutosha, naitreti, chakula cha vijimea hivyo, ikabaki kilindini. Chora kina cha tabaka la juu lililochanganyika, Julai na Februari, ulinganishe na vipimo. Halafu gridi, yaani miraba ambayo modeli huigawia bahari: ikiwa kila mraba ni wa kilomita 100, Pemba yenyewe, urefu wake kama kilomita 67, huenda haimo kabisa! Mkondo utatoka wapi?