Swali la Lugha: Resini Ina Uzito au Ina Mnato?

Swali: Hapa Mtwara ninawafundisha vijana kutengeneza na kukarabati boti za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini, ile plastiki ya majimaji ambayo baadaye huwa ngumu. Katika maelezo ya somo, wenzangu huandika kuwa resini ina "uzito" mkubwa, mimi huandika "mnato". Je, nani yuko sahihi? Tena, inafaa kusema kwamba faiba "inatiririka"? (Mwalimu wa ufundi)

Jibu: Ndugu Mwalimu, katika mazungumzo uji huwa mzito, rangi huwa nzito, na fundi anayesema "resini ya leo ni nzito" anaeleweka bila shida, hana haja ya kusahihishwa. Maandishi ya mafunzo ni jambo jingine, kwa kuwa humo uzito ni kile kinachopimwa kwa mizani. Lita moja ya resini ya poliesta ina takriban kilo 1.1, si mbali na maji, ilhali ukinzani wake wa kutiririka ni mamia ya mara ya ule wa maji. Mafuta ya nazi nayo ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea, lakini humiminika taratibu zaidi. Andika "mnato", kama ulivyokuwa ukifanya. Angalia tu kwamba neno hili limetokana na kitenzi "nata", hivyo mwanafunzi anaweza kudhani unazungumzia gundi. Resini iliyoanza kuwa ngumu "hunata" kidoleni. "Mnato" wake, kwa maana ya kitaalamu, ni ule ukinzani wa kutiririka.

Swali lako la pili lina uzito zaidi, kwa sababu kitenzi hutegemea ni kitu gani kinachosogea. Mnapotandika mikeka ya nyuzi za kioo ndani ya kalibu (chombo kinachotoa umbo), nyuzi zimetulia. Resini inayopakwa kwa brashi na kukandamizwa kwa rola ndiyo "inayopenya", na mkeka "hulowa". Kusema faiba inatiririka hapo ni kosa la maana, si la mtindo tu. Kwenye ubavu wa boti ulio wima resini huweza "kuchuruzika", ikaacha nyuzi kavu juu na kujazana chini. Ndiyo sababu huongezwa unga laini wa silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), unaoifanya iwe na mnato mkubwa ikitulia na mdogo inaposuguliwa na brashi.

Kuna plastiki nyingine, zile zinazoyeyushwa zikiwa tayari na nyuzi fupi ndani yake, kisha zikasukumwa na mashine hadi kwenye kalibu. Hizo hutiririka pamoja na nyuzi zake, na hapo kitenzi chako ni sahihi kabisa. Kadiri zinavyosukumwa kwa kasi ndivyo mnato unavyopungua. Karibu na kuta za kalibu nyuzi "hulala" kufuata mtiririko, na katikati nyingi hulala kukingama, kwa hiyo kifaa huwa imara upande mmoja kuliko mwingine. Kitenzi "kulala" kinafaa sana katika maelezo. Ila jina "mlalo" liepukwe, kwa kuwa wanahisabati wamelichukua kwa mstari uliolala sawa, kinyume cha wima. Andika "uelekeo wa nyuzi".

Hujauliza, lakini linganisha sentensi hii: "Plastiki yenye nyuzi 30 huyeyuka kwa nyuzi 165." Msomaji atajuaje zipi ni za kioo na zipi ni za joto? Afadhali uandike: "Polipropilini yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo huyeyuka karibu na nyuzijoto 165 za Selsiasi."

Mwisho ni kitenzi "kukauka", ambacho mafundi wengi wa boti hukitumia. Ugumu wa resini hautokani na kukauka kama nguo iliyoanikwa. Ikishachanganywa na kichocheo, molekuli zake huungana, mnato hupanda, hatimaye haitiririki tena hata ikipashwa joto upya. "Kuganda" nako kunapotosha, maana kilichoganda kwa baridi huyeyuka kikipata joto. Mafundi wa saruji husema "imeshika", nami ningependa vijana wako waandike hivyo hivyo: resini imeshika.