Tulifika bichi, bahari haipo

SWALI: Shikamoo anti. Mimi nina watoto wawili, tunakaa Tabata, gari hatuna. Jumapili zetu ni kufua na tivii tu, basi mwezi uliopita nikamwambia baba watoto leo twende Coco, tukapanda daladala mbili na bajaji juu, tunafika saa nne asubuhi maji hayapo! Bahari imeenda kuleee, imebaki miamba na majani, watoto wakachezea vidimbwi mpaka mdogo akakanyaga mwiba, mara wana njaa, chipsi na soda zikala hela ya bajaji ya kurudi. Sasa mume wangu kila nikitaja bichi anacheka. Tulikosea wapi?
Mama wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, ila na mimi nimecheka kidogo. Hebu kumbuka, usiku wa siku hiyo mwezi haukuwa mpevu kweli? Maana hapa Dar mwezi ukijaa, au ukiandama, ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na saa zake hazina siri: yanakupwa mida ya saa nne asubuhi na yanajaa mida ya saa kumi jioni. Nyie mlifika saa ileile bahari imeenda kutembea. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwa hiyo wiki moja baadaye mambo yanageuka, asubuhi ndo yamejaa na jioni yamepwa, ila hayo ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa fujo, kwa watoto wadogo mi ndo nayapenda zaidi.

Wavuvi wa Feri hawaulizi Google, wanahesabu mwezi. Wewe ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani umemaliza kazi, tarehe moja na tarehe kumi na tano ni bamvua, saba na ishirini na mbili ni maji mafu, utakosea siku moja mbili, si kesi.

Ila safari hii, kwa ajili ya mwezi wa jioni nitakaokwambia, rudini Jumapili ya mwezi mpevu, na mtoke nyumbani baada ya chakula cha mchana. Hapo watoto wameshiba wali wa nyumbani, chipsi hawaziwazi. Saa nane na nusu mko mchangani, maji yanapanda taratibu. Kandambili wasivue mpaka wafike penye mchanga mtupu, ule mwiba umeshawafundisha. Hela mliyobeba iwe ya vitu viwili tu, mihogo ya kukaanga na dafu. Mihogo omba ya moto, kachumbari juu, pilipili pembeni kwa ajili ya watoto. Dafu mwambie muuzaji unataka la nyama laini, asikupe koroma, mkimaliza maji mrudishieni alipasue, atachonga kipande cha ganda kwa panga kiwe kijiko, na hapo utashangaa, watoto waliokuwa wanagombania simu wanagombania kijiko cha ganda.

Halafu msikimbilie daladala jua likizama! Bichi zetu zinatazama mashariki, kwa hiyo jua linazama nyuma yenu mjini huko, na mwezi unatoka mbele yenu, unachomoza majini mkubwa, mwekundu kama sinia la shaba. Mwambie baba watoto akae tu dakika ishirini. Akicheka tena niandikie.

SWALI: Anti mimi navaa stara, napenda sana maji lakini dera likilowa linanielemea na linapanda juu, naishia kulowesha miguu tu kama bibi. Nifanyeje?
Zai, Kigamboni

JIBU: Zai, wewe unakaa Kigamboni halafu unalowesha miguu! Dera na bahari haviivi chungu kimoja, likilowa linavuta kama gunia la mchanga, na wimbi likikupiga hujui mguu uko wapi. Vaa leggings nyeusi nzito, tisheti kubwa ya mikono mirefu, ushungi wa kubana usiohitaji pini. Dera liache kwa mwenzio mchangani, ukitoka unalivaa juu. Ingia maji yakiwa yanapanda, usizidi kiunoni kama kuogelea hujui, na yakianza kutoka na wewe toka. Mtafute na shoga wa kwenda naye, Jumamosi asubuhi ya maji mafu, wanaume wengi bado wamelala.