Kabla hujaandika "ushirikina" kwenye daftari lako

Ninyi mnaoanza kusoma mahubiri ya Matengenezo ya Kanisa, neno la Kilatini litakalowaponza mapema ni superstitio. Kamusi itakupa "ushirikina", na ukishaliandika hilo akili inakimbilia kwa waganga na hirizi. Mhubiri wa Kiprotestanti wa karne ya 16 mara nyingi hakuwa huko. Alimlenga muumini wa kanisani, mwenye rozari mkononi, aliyetoka kuwasha mshumaa mbele ya sanamu. Fungua Wakolosai 2:23: pale Biblia ya Kilatini iliposema superstitio, Biblia yetu ya Union inasema "ibada mliyojitungia wenyewe". Mimi nilihangaika na kamusi miezi mingi, na jibu lilikuwa kwenye Biblia ya mama mezani.

La pili, someni kwa sauti. Januari 1548, jijini London, Hugh Latimer, mhubiri wa Kiprotestanti, aliuliza ni askofu gani mchapakazi kuliko wote Uingereza, akajibu mwenyewe: Shetani, maana haachi kamwe parokia yake. Alipo yeye, vitabu vinatoka, mishumaa inaingia; Biblia inatoka, rozari inaingia; na taa zinawashwa hata saa sita mchana. Ukisoma kimyakimya, utani wote unakupita na unabaki na hasira tupu.

Na msimwamini mhubiri anapoeleza ya wapinzani wake. Hapa niliumia. Abasia ya Hailes, nyumba ya watawa huko Uingereza, ilikuwa na chupa iliyosemwa ina damu ya Kristo, na watu wakiiendea hija. Februari 1538 John Hilsey, askofu wa Rochester, alisimama kwenye Paul's Cross, mimbari ya nje jijini London, na kusema ni damu ya bata. Nikaiandika kwenye insha yangu ya kwanza kama ukweli uliothibitishwa. Mwalimu akaizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: "Na Novemba je?" Sikujua Novemba kulikuwa na nini. Kumbe Hilsey alirudi mimbari ileile na chupa yenyewe, akasema si damu ya bata, ni asali iliyotiwa rangi ya zafarani.

Mnaona kazi ilivyo. Hubiri la Februari linatuambia vizuri Hilsey alitaka London iamini nini. Mahujaji wa Hailes waliiwaza nini ile chupa, hilo katafuteni kwenye wosia zao na hesabu za parokia.