Kabla ya Inchi, Uliza Pikseli

Mteja akiingia duka la TV pale Kariakoo, neno la kwanza kumtoka ni inchi. "Nataka 43." Muuzaji anajibu kwa bei, wanavutana kidogo, boksi linapakiwa kwenye bajaji. Mimi kazi yangu ni kufunga TV na projekta, majumbani, maofisini, makanisani na kwenye vibanda umiza, na simu ninazopigiwa boksi likishafunguliwa hazihusu inchi hata kidogo. Maandishi yana ukungu. Wachezaji wamekuwa wafupi na wanene. Jina la bibi harusi limeliwa pembeni. Hii 4K mbona haina tofauti na ile ya zamani? Malalamiko yote hayo yana mzizi mmoja: picha inakuja na idadi yake ya pikseli, yaani vinukta vidogo vinavyoiunda, na umbo lake, kioo nacho kina vyake, na viwili hivyo havilingani.

Inchi zenyewe zina ujanja. Hupimwa kona kwa kona, kwa mshazari, kwa hiyo hazikuambii kioo kina kimo gani mpaka ujue uwiano wa upana na kimo. Chukua monita za mtumba za inchi 19 zinazotoka Ulaya, zile tunazoziita za mraba ingawa si mraba kamili. Uwiano wake ni 5:4, pikseli 1280 kwa 1024, na kimo chake ni kama sentimita 30. Sasa pima monita mpya ya inchi 24 yenye uwiano wa 16:9. Kimo chake ni sentimita 30 vilevile. Inchi tano zote ulizolipia zimeenda kwenye upana. Ya inchi 22, ambayo ofisi nyingi hununua zikiamini zinapanda daraja, ni fupi kuliko ile ya mtumba kwa karibu sentimita tatu.

Kwa mtazama filamu hilo si tatizo. Kwa mhasibu anayeshinda kwenye Excel, au katibu muhtasi anayeandika barua za kurasa nyingi, kimo ndicho kazi yenyewe. Ushauri wangu kwa watu hao ni kutafuta uwiano wa 16:10. Monita ya inchi 24 ya aina hiyo ina pikseli 1920 kwa 1200 na kimo cha sentimita 32, na za mtumba zinapatikana kwa bei isiyoumiza. Laptop nyingi mpya za kazi nazo zimerudi kwenye 16:10, baadhi zimefika hadi 3:2. Kama umeshanunua ya 16:9 na stendi yake inazunguka, isimamishe wima: unapata upana wa pikseli 1080 na kimo cha 1920, na barua nzima inaonekana bila kusogeza. Wenzako watakucheka siku ya kwanza.

Sasa pikseli. TV za chogo hazikuwa na pikseli za kudumu kama vioo vya leo. Ndani yake mionzi ya elektroni ilichora mistari kwenye kioo, na ukibadilisha kipimo cha picha, mchoro ulijirekebisha bila kulalamika sana. Kioo cha flati hakina huruma hiyo. Kila pikseli ni kitu halisi kilichotengenezwa kiwandani, hakiongezeki wala hakipungui. Ukiipa picha yenye hesabu tofauti, TV inalazimika kukisia: pikseli moja ya picha igawanywe kwa pikseli moja na nusu ya kioo, au mbili na robo. Kwenye sura ya mtu hutaona kitu. Kwenye maandishi madogo utaona ukungu, na hakuna kiasi cha kubonyeza kitufe cha kung'arisha kitakachouondoa.

Kioo kinachonisumbua kuliko vyote ni cha 1366 kwa 768, ambacho ndicho kiko kwenye TV nyingi za inchi 32 na laptop nyingi za bei ya chini. Namba hiyo ya ajabu ina historia. Monita za uwiano wa 4:3 zilikuwa na pikseli 1024 kwa 768. Kioo kilipopanuliwa kufikia 16:9, mistari 768, yaani safu za pikseli kutoka juu hadi chini, ilibaki, na 768 ukizidisha kwa 16 ukagawanya kwa 9 unapata 1365 na kichele, wakakamilisha 1366. Shida ni kwamba matangazo ya TV huja kwa mistari 576, 720 au 1080. Hayaji kwa 768. Kwa hiyo TV hiyo inakisia tangu unapoiwasha mpaka unapoizima. Kwa taarifa ya habari na mpira inatosha kabisa, sina ugomvi nayo. Usiinunue tu ukidhani utaigeuza kuwa monita ya kompyuta.

Na hapo ndipo maandishi ya boksi yanapowapiga watu. "Inasapoti 1080p" (pikseli 1920 kwa 1080) au "inasapoti 4K" (3840 kwa 2160) maana yake ni kwamba ukiipelekea picha ya kipimo hicho itaipokea. Haisemi itaionyesha yote. Itaipokea, iipunguze, kisha ikuonyeshe kwa pikseli ilizo nazo. Hata laptop yako itadanganywa: TV nyingi za 768 zikiunganishwa kwa HDMI hujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni 1920 kwa 1080, na Windows inakuandikia kwa ujasiri kwamba hicho ndicho kipimo kinachopendekezwa. Namba ya kutafuta kwenye karatasi ya maelezo, au kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia namba ya modeli iliyo nyuma ya TV, ni ya kioo chenyewe. Huandikwa "native resolution" au "panel resolution". Muuzaji akikosa kukuonyesha namba hiyo, ichukulie hiyo kuwa ni 768 na uvutane bei ipasavyo.

Projekta ndizo zenye balaa zaidi, hasa zile ndogo za mtandaoni zinazotangazwa kuwa za 1080p wakati ndani zina pikseli 800 kwa 480. Kamati za harusi na za ujenzi wa kanisa, nawaomba: ulizeni native kabla ya kuuliza mwanga. Kwa wanaonunua Epson za mtumba, herufi ya modeli inasaidia: EB-S ni 800 kwa 600, EB-X ni 1024 kwa 768, EB-W ni 1280 kwa 800. Mbili za kwanza ni za umbo la 4:3, na PowerPoint tangu toleo la 2013 hufungua slaidi mpya zikiwa 16:9. Ukiziweka kwenye EB-X utapata weusi juu na chini na maandishi yatapungua ukubwa. Nenda kwenye Design, kisha Slide Size, chagua 4:3 kabla ya kuanza kuandika. Ukibadilisha baadaye, picha na majedwali yote yatahama na utakesha unayapanga.

Nije kwenye umbo, kwa sababu hapa ndipo ninapobishana na watu. Picha ya umbo moja ikiingia kwenye kioo cha umbo lingine, kuna njia tatu tu: uivute ijae, uikate ijae, au uiache ilivyo na sehemu iliyobaki iwe nyeusi. Hakuna ya nne. Picha ya zamani ya 4:3 ukiivuta ijaze 16:9, kila kitu kinapanuka kwa theluthi moja. Mwenye kibanda umiza mmoja aliniambia waziwazi kwamba wateja wake hawataki weusi pembeni, wanaona kama wanapunjwa kioo walicholipia. Nikamwonyesha duara la katikati ya uwanja kwenye mechi ya marudio ya miaka ya nyuma: limekuwa yai. Akasema yai si kitu, weusi ndio utamfukuzia wateja. Biashara ni yake, lakini nyumbani kwako usikubali.

Weusi ule si hitilafu. Ndio makubaliano yaliyozaa umbo la 16:9. Filamu za mwanzo zilikuwa karibu na 4:3, TV ikafuata, kisha miaka ya 1950 sinema ikapanuka ili kushindana na TV. Miaka ya 1980 mhandisi wa Marekani, Kerns Powers, alikata mistatili ya maumbo yote yaliyotumika, kuanzia 1.33 hadi 2.35 (upana ukigawanya kwa kimo), yote ikiwa na eneo sawa, akaipanga juu ya nyingine. Mstatili ulioweza kuibeba yote ulikuwa na uwiano wa karibu 1.78, ndiyo 16:9. Umbo hilo lilichaguliwa kwa sababu halipendelei upande wowote sana. Ndiyo maana filamu ya 2.39 inaacha karibu robo ya kioo nyeusi, na kipindi cha 4:3 kinaacha robo kamili. Video ya simu iliyopigwa wima ndiyo mbaya kupita zote: inatumia chini ya theluthi moja ya TV. Ukirekodi shughuli ya familia mtakayoitazama sebuleni, laza simu.

Marekebisho yenyewe ni ya dakika moja. Kwenye rimoti tafuta kitufe au menyu ya umbo la picha, uchague "Auto", "Original" au "16:9", uachane na "Wide", "Zoom" na ndugu zao. Kisha ingia kwenye king'amuzi, kwa sababu nacho kina mpangilio wake wa umbo la TV, na vikipingana, picha inavutwa mara mbili. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza tarehe 31 Desemba 2012, nimekuta ving'amuzi ambavyo bado vimewekwa 4:3 tangu vilipofungwa kwenye TV ya chogo. Na angalia waya. Ukiwa na king'amuzi cha HD na TV ya HD, halafu umeviunganisha kwa waya wa njano na wenzake wawili, mwekundu na mweupe, unapata mistari 576 tu. Waya ule haubebi zaidi. HDMI ya bei ndogo itakubadilishia picha kuliko kununua TV nyingine.

DVD za harusi zinastahili neno lake. DVD ya mfumo wa TV wa PAL ina pikseli 720 kwa 576, iwe picha ni ya 4:3 au ya 16:9. Pikseli zake si za mraba, na kuna alama ndogo ndani ya diski inayoiambia deki ivute kwa kiasi gani. Mpiga video akiikosea, bibi harusi ananenepa au anarefuka kama mlingoti. Kwenye kompyuta, fungua kwa VLC ubonyeze herufi A mara kadhaa mpaka sura zirudi. Ukiona mviringo wa keki ya juu ni mviringo kweli, acha hapo.

Wale wanaotumia TV kama monita wana tatizo la kingo kuliwa: sehemu ya chini ya Windows haionekani, au saa imekatika. Hiyo ni tabia iliyorithiwa kutoka TV za chogo, ambazo zilikuza picha kidogo ili kuficha kingo zisizotulia. Flati haina haja nayo lakini nyingi bado huifanya. Kwenye LG tafuta "Just Scan", kwenye Samsung "Screen Fit" au "Fit to Screen", kwenye Sony "Full Pixel". Kisha, kama TV inaruhusu, badilisha jina la mlango wa HDMI liwe "PC". Maandishi yenye rangi yatatulia mara moja.

Na 4K je? Ina pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya 1920 kwa 1080. Kwenye TV ya inchi 43 ya Full HD, yaani hiyo ya 1920 kwa 1080, pikseli moja ina upana wa nusu milimita hivi. Ukikaa mbali kuliko mita 1.7, jicho zima la kawaida haliwezi kuzitenganisha. Kwa inchi 55 umbali huo ni kama mita 2.2. Kochi lako likiwa mita tatu kutoka ukutani, pikseli za ziada hazikufikii, na bado king'amuzi chako kinaleta 1080 au chini ya hapo. Tofauti ya bei ikiwa ndogo chukua 4K, maana kwa inchi kubwa ndizo zilizojaa sokoni. Ikiwa kubwa, hela hiyo inunue spika. Mezani kwenye kompyuta ni habari nyingine: sentimita 60 kutoka usoni utaiona 4K wazi, ila hakikisha mlango ni HDMI 2.0. Ule wa 1.4 unapitisha 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde na kipanya kitakuwa kinaburuta.

Jaribio la dukani ni hili. Tengeneza nyumbani, hata kwa Paint, picha ya pikseli 1920 kwa 1080. Chora duara ukiwa umeshikilia Shift, na pembeni yake jaza mistari ya wima ya pikseli moja nyeusi, moja nyeupe. Kwa TV inayodaiwa kuwa 4K tengeneza nyingine ya 3840 kwa 2160. Nenda na laptop na waya wa HDMI. Usitumie flashi, kwa sababu TV nyingi za 4K huonyesha picha za flashi kwa kipimo kidogo kuliko kioo chao na utaihukumu TV bure. Weka laptop kwenye kipimo kinachodaiwa, ukuzaji wa Windows uwe asilimia 100, zima ile tabia ya kula kingo, fungua picha ijae kioo bila kukuzwa. Sogea karibu. Duara likiwa duara na mistari ikisimama mmoja mmoja, kioo ni cha kweli. Mistari ikigeuka kijivu au ikafanya mawimbi, pikseli hazipo. Muuzaji akikataa kukupa dakika tano za kuchomeka waya, duka la pili liko mlango wa pembeni.